Nadhiri ya Wankyo

Siku Mama Stanslaus alipoamua kumwangamiza mke wa mwanawe, alimshonea kwanza gauni.

Naam, gauni. La kitenge cha buluu, mikono mipana, limeshonwa na yule fundi wa Kiabakari ambaye watu wengine humngoja wiki tatu. Jumamosi jioni alilipeleka mwenyewe chumbani, akaliweka kitandani, akasema, "Kesho ni siku ya somo wetu, Mtakatifu Elizabeti. Wewe ndiye utasoma mbele ya jumuiya. Nataka upendeze, mkwe wangu." Na Wankyo, maskini ya Mungu, akapiga magoti akashukuru mpaka machozi yakamlengalenga.

Msimcheke. Hata ninyi mngeamini. Wiki moja kabla, Clementi alikuwa ametoka Bunda na mjomba wake, Mzee Mseti, wakaingia nyumba ile kubwa ya Butiama, wakakaa kwenye makochi ya Mama Stanslaus, na Mzee Mseti akasema bila kuzunguka kwamba kijana wake anamtaka mjane wa nyumba hiyo. Wankyo alikuwa amejibanza nyuma ya pazia. Alingoja kusikia matusi, au fimbo, au kikombe kikivunjika. Kumbe wapi! Mama Stanslaus aliwaongezea chai. Akawaambia, "Jumapili ijayo jumuiya inasali hapa kwangu. Njooni mle na sisi. Jibu lenu nitalitoa mbele ya watu."

Sasa, kwa watu wa kule, posa ikikataliwa hukataliwa ndani, kimya kimya, ili mgeni asiaibike. Ukiitwa mbele ya watu, na ng'ombe amechinjwa, ujue umekubaliwa. Ndivyo wazee wanavyofanyaga, na hakuna aliyewahi kuona vingine. Mzee Mseti aliondoka akipiga mluzi. Wankyo usiku huo hakupata usingizi kwa furaha, na asubuhi alimshukuru mumewe marehemu, kana kwamba ni yeye aliyemruhusu.

Mume huyo, Stanslaus, alikuwa na miaka miwili kaburini. Lori la pamba lilipinduka naye, likamwacha Wankyo na binti mmoja, Agness, wa miaka sita, na mama mkwe aliyelia siku arobaini halafu asilie tena. Mama Stanslaus alikuwa na mashamba, ng'ombe, na nyumba nusu ya mtaa. Wankyo aliishi humo akila vizuri, akivaa vizuri, na asithubutu kutoka bila kuaga. Kitu kimoja tu alikuwa huru nacho. Kila Alhamisi alibeba uji akaenda zahanati ya Kiabakari kuwanywesha wagonjwa wasio na mtu wa kuwahudumia, na kuwaosha. Hapo ndipo Clementi alipomkuta, akimkanda mama yake Clementi miguu iliyovimba na kunuka, miguu ambayo hata wakwe zake mwenyewe waliifunikia pua. Yule mama alikufa kichwa chake kikiwa juu ya paja la Wankyo. Clementi hakuwahi kusahau.

Kwa hiyo Jumapili ile Wankyo aliamka akicheka peke yake. Akaoga, akajipaka mafuta mpaka visigino, akavaa gauni lake la buluu. Kitu kimoja tu kilipungua. Agness hakuwepo. Jana yake wifi yake Yunis, dada wa marehemu, alikuja akamchukua kwenda Musoma kumnunulia viatu. Wankyo aliona ni jambo jema, maana mtoto atarudi na viatu vipya vya kwendea harusini.

Wageni walianza kufika saa nane. Clementi hakuweza kusubiri sebuleni kama mtu mzima. Alizunguka nyuma ya jiko, mahali Wankyo alipokuwa anaosha sahani.

"Mama Agness," akaita taratibu.

"Weee! Umetokea wapi? Rudi mbele, watu watakuona."

"Waone. Leo si ndiyo siku ya kuonwa?"

Wankyo akajifanya anasugua sahani iliyokwisha takata zamani. Alihisi macho ya Clementi shingoni, akatamani kugeuka amwangalie, akaona haya, halafu akageuka hivyo hivyo. Clementi alikuwa amevaa shati jeupe, na mikono yake, ile mikono ya fundi wa mashine za kuchambulia pamba, ilikuwa imesuguliwa mpaka kucha.

"Umenawa na nini?" Wankyo akamuuliza akicheka.

"Na jiki. Mjomba amesema nisije kukuaibisha na grisi."

"Mimi nilikupendaga na grisi yako."

"Sema tena."

"Sisemi. Utavimba kichwa."

"Wankyo." Akasogea. Hakumgusa, alisimama tu karibu, na sauti ikashuka. "Nimeweka dirisha lile la upande wa barabara, pale nyumbani kwangu Manyamanyama. Chumba cha Agness nimekipaka rangi. Muulize anataka pazia gani."

Machozi yakamjia Wankyo tena, siku hizo alikuwa mwepesi wa kulia kwa furaha. Mwanaume aliyekumbuka pazia la mtoto asiye wake! Alimpenda Clementi wakati ule mpaka kifua kikamuuma.

"Atataka la waridi," akasema. "Nenda sasa. Mama akikukuta huku atabadili nia."

"Hawezi kubadili. Ng'ombe nimemwona kwa macho yangu ameshachunwa."

Jumuiya yao ilikuwa ya Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria, na kila mwaka siku yake ikifika husomwa habari za maisha yake. Wankyo mwenyewe alibatizwa Elizabeti, kwa hiyo somo alikuwa wake mara mbili. Mwalimu Kasmiri, katekista, mtu mpole mwenye mwandiko mzuri, alikuwa amezinakili habari hizo kwenye daftari. Walikaa uani, kina mama kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, Clementi na mjomba wake mbele kabisa, mahali pa heshima, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama msomaji.

Wankyo akasoma. Alisoma vizuri, sauti yake ni ya kwaya. Akasoma jinsi Elizabeti, binti wa mfalme, alivyopelekwa ukweni akiwa mtoto mdogo wa miaka minne, akakulia huko, akaolewa na Ludoviko wakapendana kweli kweli. Jinsi alivyowapa maskini mkate na kuwaosha wenye ukoma, na ndugu za mume wakamchukia. Jinsi Ludoviko alivyokwenda vitani akafa njiani kwa homa, na mjane akatolewa nje wakati wa baridi kali, akalala na watoto wake mahali pa nguruwe. Kina mama wakaguna. Mmoja, Lilian, akajifuta macho kwa kanga.

"Ikafika siku ya Ijumaa Kuu," Wankyo akaendelea, "Elizabeti akaweka mikono juu ya altare, akaweka nadhiri akisema..."

"Hapo," Mama Stanslaus akasema. "Ishia hapo kidogo, mkwe wangu."

Akainuka kwenye kiti chake. Alikuwa mwanamke mrefu, na alikuwa amevaa meusi.

"Ndugu zangu wa jumuiya, tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina."

"Watu wamekuja kwangu kuniomba huyu binti. Nikawaambia jibu nitalitoa mbele yenu. Lakini jibu siyo langu, ni lake. Mkwe wangu ameniambia anataka kumfuata somo wake. Leo hii, mbele yenu, anaweka nadhiri ile ile ya mtakatifu."

Wankyo alitazama daftari, akamtazama mama mkwe, akatazama daftari tena. Alidhani hakusikia vizuri.

"Mama," Mwalimu Kasmiri akasema akikohoa, "samahani. Nadhiri watu hawawekagi hivi hivi tu. Lazima Padri..."

"Mwalimu Kasmiri. Nyumba unayolala na watoto wako ni ya nani?"

Mwalimu Kasmiri akaketi. Sitamlaumu sana, alikuwa na watoto watano, lakini na mimi sitamsifu.

Clementi alikuwa ameshasimama. "Wankyo, hayo ni kweli? Umesema wewe?"

Kabla hajajibu, Mama Stanslaus alimfikia. Akajifanya anamweka sawa kilemba, kama mama anavyomtengeneza bintiye, na midomo yake ikawa sikioni.

"Agness hajaenda kununua viatu," akanong'ona. "Yuko kwa Yunis na atabaki huko. Ukisema maneno hayo, jioni napiga simu, kesho mtoto yuko hapa. Ukimfuata fundi wako, mtoto ni wa ng'ombe zangu za mahari. Utamuonaga kwenye picha."

"Mama, unanifanyia nini?"

"Nakufundisha. Mwanangu yuko udongoni, wewe unajipaka mafuta mpaka visigino. Ulidhani sikukuona?"

"Mama, nakuomba. Kwa jina la Stanslaus."

"Usimtaje." Akakaza kilemba mpaka Wankyo akasikia maumivu kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. "Soma."

"Wankyo!" Clementi akaita. "Mbona unanong'onezwa? Kama kuna kitu sema. Niko hapa."

Alikuwa hapo kweli. Hatua tatu. Wankyo akamtazama, na kwa muda ule mfupi aliona kila kitu: dirisha la barabarani, rangi ya chumba, mikono iliyosuguliwa kwa jiki kwa ajili yake. Angeweza kufungua mdomo aseme amenitishia na mtoto. Watu hamsini wangesikia. Lakini alimjua mama mkwe wake miaka minane, alijua hatishiagi bure, na alijua kwamba Musoma haiko mbali kwa mwenye gari lakini kwa asiye na mtu wa kumsemea ni mbali mno. Akamwona Agness akilia kwenye kitanda kisicho chake. Basi. Akapiga magoti kwenye mkeka, gauni jipya likaenea pembeni, akaanza kusoma.

"Mimi Elizabeti, mbele ya Mungu, naacha fahari yote ya dunia. Sitaolewa na mwanamume yeyote mpaka kufa kwangu."

Sauti ya Clementi ilitoka kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Naacha wazazi wangu na..."  Mwandiko wa Mwalimu Kasmiri ulikuwa safi, hakuna namna ya kujidanganya. Akainua macho. "Mama, hapa panasema wanangu."

"Ni maneno ya kitabu tu. Soma umalize."

"Na wanangu," Wankyo akasema kwa sauti ndogo.

"Yeye alikuwa nao watatu, wewe unaye mmoja," Mama Stanslaus akasema, safari hii kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Mtaje, Mungu amjue."

Lilian akafanya ishara ya msalaba. 

"Na mwanangu Agness."

"Amina," akasema Mama Stanslaus, na akapiga vigelegele yeye wa kwanza.

Clementi alikuja mpaka mbele yake akachuchumaa ili macho yao yakutane. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Mimi ukiniacha nitaelewa, Wankyo. Mimi ni nani? Lakini mtoto? Hata Agness?"

"Clementi, ondoka."

"Niangalie uniambie."

Akamwangalia. Alijitahidi macho yake yaseme yale mdomo uliyokatazwa, lakini macho yaliyojaa machozi hayasomeki, na Clementi alichoona ni mwanamke anayelia akiwa amepiga magoti.

"Ondoka," akarudia. "Usirudi hapa."

Mzee Mseti akamshika mpwa wake mkono. "Twende, baba. Hapa hatuna kitu."

"Jamani, mnaondokaje bila kula?" Mama Stanslaus akawaita kwa ukarimu. "Wankyo, wapakulie wageni!"

Na alipakua, jamani. Hao wawili walikwisha ondoka, lakini wengine walikuwa hamsini, na mke wa nyumba ndiye anayepakua. Alipita kwenye mikeka na sinia la nyama, kilemba kimemkaa vizuri, kina mama wakimgusa mkono na kumwita mtakatifu.

Jioni ile alingoja simu ipigwe. Haikupigwa. Jumatatu alifagia uwanja mara tatu akitazama barabara. Jumanne akashindwa.

"Mama, Agness anakuja na gari la saa ngapi?"

Mama Stanslaus alikuwa anachambua mbegu za kupanda, mvua zilikuwa zimeshaanza. Hakuinua kichwa.

"Agness gani?"

"Mwanangu. Uliniahidi."

"Wewe ulimwacha. Jumuiya nzima ilisikia. Kwani Mwalimu hakuandika na ukurasa unaofuata? Somo wako watoto wake walilelewa na watu wengine, yeye akabaki na wagonjwa. Nenda kaoshe wagonjwa, si unapendaga?"

"Nilisema kwa sababu yake! Ulisema nikisema atarudi!"

"Nani alinisikia nikisema?"

 Wankyo alikumbuka kilemba, sikio, mnong'ono. Hakuna aliyesikia.

"Nilikupa kila kitu, mama," akasema akilia. "Nimekuita mama miaka minane."

"Na mimi nilikuwa na mwana mmoja wa kiume." Hapo ndipo Mama Stanslaus alipomtazama, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Ulimlilia mwaka mmoja. Nilihesabu. Mtoto wake hatalelewa na mtu ambaye machozi yake yanaisha."

Wankyo alitoka nje akampigia Clementi. Alipokea baada ya muda, mashine za kinu zikinguruma nyuma yake.

"Alinidanganya, Clementi. Aliniambia nikisema maneno yale mtoto atarudi. Agness yuko Musoma, wamemzuia."

Mashine zikanguruma. "Kwa nini hukuniambia palepale?" akauliza. "Nilisimama karibu yako. Nilikuambia sema, niko hapa."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa yeye kuliko ulivyoniamini mimi."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini mjomba anasema ukoo wetu umedhalilishwa mbele ya kadamnasi. Anasema akinisikia nakutaja tena, nitafute mjomba mwingine."

"Na wewe unasemaje?"

 Wankyo alimsikia akivuta pumzi, akaomba rozari nzima akisubiri.

"Mimi niko kazini, Wankyo," akasema, na simu ikakatika.

Akampigia kaka yake Samweli. Samweli akasema ng'ombe wa mahari ya Wankyo walishamuolea mke, atawarudisha na nini, na kwamba dada mwenye nadhiri ni heshima kubwa kwa ukoo.

Jumatano asubuhi Wankyo akatoka bila kuaga, kwa mara ya kwanza katika miaka minane. Alifika Musoma saa nne, upepo wa ziwa ukimvuta gauni, akagonga geti la Yunis mpaka likafunguliwa. Yunis hakuwa mtu mbaya. Alipomwona wifi yake aliangalia chini.

"Mama ameniambia nisikufungulie," akasema.

"Umeshafungua."

Yunis akasita, akageuka akaita. Agness akatoka akiwa na sare mpya ya shule na viatu vyeusi vinavyong'aa. Wankyo akapiga magoti akafungua mikono. Siku zote mtoto huyu alikuwa anakuja akikimbia mpaka anamwangusha. Safari hii alitembea. Akasimama kidogo mbali, akaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo. Mbona unasimama kule?"

"Jumapili mkiwa mnasali, bibi alipiga simu akatusikilizisha. Ni sauti yako. Ulisema unaniacha."

"Agness..."

"Ulitaja na jina langu."

Wankyo alimvuta akamkumbatia, akahisi mwili mdogo umekakamaa mikononi mwake. Alitaka kumweleza. Lakini unamwelezaje mtoto wa miaka sita kwamba ulimtupa ili umpate?

"Nilidanganywa, mama yangu. Sijakuacha. Siwezi kukuacha. Vaa begi lako, twende nyumbani."

Agness akajitoa taratibu amtazame usoni. Alikuwa na macho ya Stanslaus, yanayotaka jibu.

"Nyumbani kwa nani?"

Wankyo akafikiri. Akafikiri Butiama, akafikiri Manyamanyama, akafikiri kwa Samweli. Yunis alisimama mkono juu ya geti, anatazama barabara.

"Sijui," Wankyo akasema. Hakuweza kumdanganya na yeye. "Bado sijajua, mwanangu."

Agness akafikiri naye, kwa makini, kama anavyofanya mtoto aliyeulizwa hesabu.

"Basi ukijua, uniite," akasema, akaingia ndani, na shangazi yake akafunga geti.